Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa Biashara kuhusu chakula kinachopikwa nyumbani na kuuzwa

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Biashara, Viwanda na Ushirika,
Serikali ya Jamhuri ya Uganda.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Taifa la Viwango, UNBS; wenyeviti wa kamati za Bunge zinazoshughulikia afya na biashara.

KUHUSU: OMBI LA KANUNI ZA KUUZA KIHALALI CHAKULA KILICHOPIKWA NYUMBANI

Waheshimiwa Mawaziri,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mama na mpishi wa kuuza katika mmoja wa miji ya West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Ninapika mandazi, chapati na kashata, ninasaga karanga na simsim, na maembe yakiwa mengi ninatengeneza achari. Kazi yote hufanyika katika jiko la nyumba ninamoishi na wanangu. Wateja wangu ni majirani, walimu, waendesha boda boda wanaokunywa chai alfajiri, na wenye maduka madogo wanaochukua chupa chache za karanga za kusaga na kunilipa zikishauzika. Karo ya watoto, kodi ya nyumba na dawa za mama yangu mzazi hutoka humo.

Ninaandika hadharani kwa sababu nimekwisha kuandika faraghani bila kujibiwa. Nilianza kwa kuuliza kwa mdomo katika ofisi ya biashara ya baraza la mji wetu. Baadaye nikaandika barua, nikaacha nakala katika ofisi ya afya, na mwishowe tukaenda akina mama kadhaa pamoja, tukiongozwa na mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kila ofisi ilitupokea kwa adabu na kutuelekeza kwingine. Mpaka leo hakuna aliyetuandikia kwamba tunaruhusiwa, na hakuna aliyetuandikia kwamba tumekatazwa, kwa kifungu gani cha sheria gani. Huku tukisubiri jibu, askari wa baraza wakaanza kukamata bidhaa zetu.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Sisi hatuombi kuachwa tupike tunavyotaka pasipo mtu wa kututazama. Tunaomba kukaguliwa. Tunaomba kanuni ambazo mwanamke mwenye jiko moja, masufuria safi na mtaji mdogo anaweza kuzisoma, kuzitimiza na kupewa karatasi inayosema kwamba amezitimiza. Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Sheria haina mahali petu.

Sheria ya Afya ya Umma ni ya mwaka 1935, na ingawa imefanyiwa marekebisho tangu wakati huo, muuza chakula anayefikiriwa humo ni mtu mwenye hoteli, bekari au duka. Sheria ya Chakula na Dawa ni ya mwaka 1959. Dawa zilipata sheria yake mwaka 1993, pamoja na mamlaka maalumu ya kuzisimamia, lakini chakula kilibaki pale pale kilipokuwa, na usimamizi wake umegawanyika kati ya Wizara ya Afya, Wizara ya Kilimo, UNBS na mabaraza ya miji na wilaya. Leseni ya biashara nayo hutolewa chini ya sheria nyingine, ya mwaka 1969. Anayetaka kufungua hoteli anajua aanzie wapi, na mwenye kiwanda cha biskuti ana wakili wa kumwelekeza. Anayeoka keki chache kwa wiki kwa ajili ya harusi na sikukuu za Idi hana fomu hata moja iliyoandikwa kwa kumfikiria yeye, kwa hiyo kila afisa humpima kwa kipimo cha hoteli au cha kiwanda, kutegemea amemkuta afisa gani siku hiyo.

Wala nchi yetu haishindwi kutofautisha mdogo na mkubwa inapoamua kufanya hivyo. Katika kodi ya mapato, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 10 hatozwi kodi hiyo, na anayeuza kati ya milioni 10 na milioni 30 ana kiwango chake chepesi. Katika unga pia tofauti ipo: kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubisho katika vyakula ziliwabana wenye vinu vya mahindi vyenye uwezo wa kusaga tani 20 au zaidi kwa saa 24, zikawaacha wenye mashine ndogo za mitaani. Aliyeandika kanuni hizo alitambua kwamba sharti likiwa zito kuliko uwezo wa mtu, mtu huyo hulikwepa. Kwa nini utambuzi huo haujafika jikoni kwetu?

2. Wanaokuja kukagua hukagua jengo na kukiacha chakula.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linahusu afya za watu wanaokula mkononi mwangu, na wa kwanza wao ni wanangu.

Nitaeleza kuhusu karanga, maana huko ndiko hatari ya kweli iliko. Karanga isiyokauka vizuri, au iliyowekwa mahali penye unyevu, huota ukungu, na ukungu huo huacha sumukuvu, yaani aflatoksini, ambayo huharibu ini na haiondoki kwa kukaangwa. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu aflatoksini izidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja za chakula. Ni sumu ya aina hiyo iliyoifanya Kenya isimamishe mahindi ya Uganda na Tanzania mwezi Machi 2021, na wakulima wetu wanajua hasara waliyoipata. Mimi humwaga karanga kwenye ungo mwanga ukiwa mzuri, nikazichambua kwa mkono: iliyosinyaa naitupa, iliyogeuka rangi naitupa, yenye vumbi la kijani au harufu ya uvundo naitupa pamoja na zile zilizogusana nayo. Hazipewi kuku, kwa kuwa sumu hiyo humdhuru kuku pia. Kisha nazikaanga kwa moto mdogo, nazipepeta maganda, nazisaga, na kuzijaza katika chupa zilizochemshwa na kukaushwa kabisa, kwa kuwa tone moja la maji ndani ya chupa laweza kurudisha ukungu.

Mkaguzi anayejali mlaji angeniuliza karanga nazinunua kwa nani, zilianikwa juu ya turubai au juu ya udongo mtupu, gunia langu nimeliweka juu ya mbao au sakafuni, na mashine ninayosagia husafishwa lini baada ya mtu aliyenitangulia. Bwana afya aliyekuja kwangu hakuuliza lolote kati ya hayo. Alidai ramani ya jengo iliyoidhinishwa, akatazama urefu wa dari, akataka vigae ukutani, na akaniambia kwamba mahali palipo jirani na chumba cha kulala hapawezi kuandaliwa chakula cha kuuza. Maji ninayotumia hakuyauliza, ingawa jerikani zilikuwa hapo mlangoni na alizipita akiingia na akitoka.

Nataja maji kwa makusudi. Mwaka 2015 Kampala ilipata mlipuko wa homa ya matumbo, na zaidi ya watu 10,000 walishukiwa kuugua. Uchunguzi uliofanywa wakati ule uliuhusisha ugonjwa huo na maji machafu na juisi za matunda zilizotengenezwa kienyeji kwa maji hayo. Vigae havikuwa chanzo chake na visingeuzuia. Maji yaliyochemshwa, mikono iliyonawa kwa sabuni, na juisi isiyouzwa pasipo kupashwa moto vingewaokoa wengi.

Wala kiwanda peke yake si kinga. Mwezi Machi 2019 huko Karamoja, unga wa lishe wa msaada uliotengenezwa kiwandani ng'ambo ulikutwa umechanganyika na sumu ya mbegu za magugu. Karibu watu 300 waliugua na baadhi yao wakafariki. Sitaji jambo hilo ili kumlaumu mtu, bali kwa sababu linaonyesha kwamba usalama hutokana na kuchambua malighafi na kuifuatilia kila hatua, na hayo yanaweza kufanywa au kupuuzwa chini ya paa lolote.

3. Adhabu hutangulia maelekezo.

Asubuhi ya siku moja ya soko, askari wa baraza walimkamata jirani yangu akiwa na ndoo ya mandazi aliyoifunika kitambaa cheupe. Mandazi yalimwagwa kwenye sakafu ya lori juu ya ndizi na viatu vya wachuuzi wengine. Hakuandikiwa stakabadhi, hakuambiwa kosa lake ni kukosa leseni, kukosa cheti cha afya au kuuza mahali pasiporuhusiwa, na alipoifuata ndoo yake alitakiwa alipe faini ambayo nayo haikuwa na risiti. Mama huyo bado anapika. Sasa anapeleka mandazi yake kwa wateja kukiwa bado na giza, na hataki tena kusikia habari za kuomba kibali, kwa sababu anaona kwamba kujitambulisha ofisini ni kujitaja ili akamatwe. Kwa maoni yangu, madhara makubwa ya misako hii ni hayo: inamfundisha mpishi mwaminifu kujificha, na aliyejificha hakaguliwi na mtu.

Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mtu nchini Uganda haki ya kufanya kazi au biashara iliyo halali, na ibara ya 42 inamhakikishia kutendewa haki na ofisi yoyote ya serikali inayotoa uamuzi juu yake. Stakabadhi ya mali iliyokamatwa na maelezo ya kosa kwa maandishi ndicho kiwango cha chini kabisa cha haki hiyo.

4. Serikali inatukopesha kwa kazi ambayo baraza linatukataza.

Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, walimu wengi wa shule za binafsi walikaa bila mshahara muda wote huo. Miongoni mwa wenzangu wanaopika leo wamo walimu ambao walianza wakati ule, kwa unga wa ngano wa kukopa na sigiri moja, na hawakurudi tena darasani. Mwaka 2022 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Parishi, yaani ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, unaokopesha hadi shilingi milioni 1 kwa kaya. Tuliambiwa katika mikutano ya parishi tuongeze thamani ya mazao yetu: anayelima karanga asiuze ghafi, asage, mwenye maembe yanayooza chini ya mti ayatengeneze achari. Ushauri huo ni mzuri na tuliufuata. Lakini mwanamke anayechukua mkopo huo ili asage karanga nyumbani kwake, kwa kuwa hana jengo lingine, anajikuta anadaiwa marejesho na parishi na huku bidhaa yake inakamatwa na mji. Wizara mbili mnaosoma barua hii mnaweza kukaa meza moja na wenzenu wa Serikali za Mitaa mkalimaliza jambo hili.

5. Alama ya ubora iko mbali nasi.

Tunaambiwa tutafute alama ya Q ya UNBS. Tunaiheshimu, na wateja wetu wengi wanaitambua. Lakini utaratibu wake unamtazama mzalishaji wa kiwandani, kuanzia ukaguzi wa jengo, sampuli za maabara, ada za kila bidhaa, hadi kuihuisha baada ya muda. Makao makuu ya shirika yako Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, jiji la West Nile. Mwenye chupa hamsini za karanga hawezi kubeba gharama hizo peke yake. Majirani zetu wa Tanzania walilitazama tatizo hili mapema, na wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na SIDO, shirika lao la viwanda vidogo, husamehewa na TBS, shirika lao la viwango, ada ya alama ya ubora katika miaka yao ya mwanzo. Sampuli ya kikundi kizima, iliyopelekwa mara moja baada ya mavuno wakati karanga zinaingia ghalani, ingetosha kutuonyesha kama mzigo wa msimu huo ni salama.

6. Maelekezo machache yaliyopo yameandikwa kwa Kiingereza peke yake, tena kwa Kiingereza cha mawakili. Baraza la Mawaziri lilikwisha kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Karatasi moja kwa Kiswahili, na nyingine kwa Kilugbara, Kialur au Kinubi, ingemfikia mpishi ambaye kitabu cha sheria hakitamfikia kamwe.

Waheshimiwa, najua yatakayosemwa dhidi yetu, kwa sababu tumekwisha kuyasikia katika ofisi za chini.

Litasemwa la kwanza kwamba chakula cha nyumbani ni hatari, na ruhusa ikitolewa watu watakufa. Vyakula havilingani kwa hatari, na ndiyo maana nchi zilizoshughulikia suala hili ziliyaanza mambo kwa orodha. Mkate, mandazi, keki isiyo na krimu, biskuti, kashata na karanga za kukaanga ni vikavu, na vijidudu haviongezeki ndani yake kwa urahisi. Jamu hulindwa na sukari na ukali wa matunda, na achari hulindwa na siki na chumvi. Nyama, samaki, maziwa, wali uliopikwa na kukaa, pamoja na juisi mbichi, ni vya kundi jingine, na mboga zisizo na ukali zilizofungiwa ndani ya chupa zinaweza kuzaa sumu inayoua hata bila kubadilisha ladha. Sisi tuko tayari kuambiwa kwamba kundi hilo la pili halipikwi nyumbani kwa kuuzwa mpaka kuwe na ukaguzi wa kina. Kwangu hiyo ni hasara, kwa kuwa sambusa za nyama ndizo zinazonipa faida nzuri zaidi mwezi wa Ramadhani. Nitaziacha, mradi niambiwe kwa maandishi ni nini ninachoruhusiwa kubaki nacho.

Tena historia yetu wenyewe imetuonyesha kinachotokea pale serikali inapokataza kazi ya nyumbani bila kuiwekea njia nyepesi ya leseni. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilimtaka kila mtengenezaji wa waragi, pombe kali ya kienyeji, awe na leseni ambayo watu wa vijijini hawakuweza kuipata kwa wepesi. Waragi haikuisha, iliendelea kupikwa kando ya mito na migombani bila mtu wa kuipima, na mwaka 2010 watu wengi huko Kabale walikufa kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Mimi situmii wala siuzi pombe, lakini vifo vile vilinifundisha kwamba kazi inayofanyika gizani haina wa kumwonya mnywaji wala mlaji.

Litasemwa la pili kwamba wakaguzi ni wachache. Ni kweli, nasi tunawaona wanavyohangaika bila hata mafuta ya pikipiki. Ndiyo sababu tunapendekeza madaraja. Nchini Uingereza mtu anayeanza kuuza chakula kutoka nyumbani hujiandikisha bure kwa halmashauri ya mtaa wake siku 28 kabla ya kuanza, na ukaguzi hufuata kulingana na hatari ya chakula chake. Jimbo la California nchini Marekani, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2013, linawatenganisha wanaomuuzia mlaji moja kwa moja, ambao hujaza tamko la kutimiza masharti, na wanaouza kupitia maduka, ambao jiko lao hukaguliwa kila mwaka. Kanuni za India za mwaka 2011 ziliweka usajili wa msingi kwa wazalishaji wadogo kwa ada ya rupia 100 kwa mwaka. Si lazima tuige nchi hata moja kati ya hizo. Uganda ina timu za afya za vijiji, VHT, ambazo tayari hupita nyumba kwa nyumba kuangalia vyoo na chandarua, na mwenyekiti wa LC1 anajua ni nani anayepika na ni nani anayechota maji wapi. Wakipewa fomu fupi, watafanya ukaguzi wa awali ambao bwana afya mmoja hawezi kuufanya kwa mji mzima.

La tatu litatoka kwa wenye hoteli na bekari, kwamba tunashindana nao bila kulipa wanacholipa. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Jibu lake ni kikomo cha mauzo, ada inayolingana na kikomo hicho, na sharti kwamba wateja hawakai kula nyumbani kwetu. Anayevuka kikomo atafute jengo la biashara na leseni kama wengine. Ninawafahamu wanawake watatu katika mtaa wetu ambao wangefurahi sana kufika hapo.

La nne, na ndilo linalorudiwa zaidi, ni kwamba sheria haina budi kubadilishwa na Bunge na jambo hilo litachukua miaka. Waheshimiwa, kanuni za virutubisho za mwaka 2011 nilizozitaja hapo juu zilitungwa chini ya Sheria ile ile ya Chakula na Dawa ya mwaka 1959, bila kungoja sheria mpya. Na mwaka 2006 jiji la Kampala, likitumia mamlaka ya kutunga sheria ndogo ambayo mabaraza yamepewa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, lilipitisha sheria ndogo zilizotambua kilimo na ufugaji wa mjini kwa kibali, pamoja na zile za maziwa, nyama na samaki. Kama ng'ombe aliweza kupata kibali cha kukaa Kampala katika ua wa mwenyewe, tanuri la mikate nalo laweza kuandikiwa masharti.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, tungeni kanuni za chakula cha nyumbani kwa pamoja, Wizara ya Afya na Wizara ya Biashara, zenye orodha ya wazi ya vyakula vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa. Daraja la kwanza liwe la wanaouza hadi shilingi milioni 10 kwa mwaka, kikomo ambacho mamlaka ya kodi tayari inakitumia: wajiandikishe bure katika ofisi ya parishi, wahudhurie mafunzo ya siku moja, wapimwe afya kama wahudumu wengine wa chakula, na wamuuzie mlaji moja kwa moja. Daraja la pili liwe la wanaouza hadi milioni 30 na wanaopeleka madukani: hao walipe ada ndogo na jiko lao likaguliwe kila mwaka.

Pili, fomu ya ukaguzi iulize mambo yanayoleta ugonjwa. Maji yanatoka wapi na yamechemshwa? Pana sabuni na mahali pa kunawia? Choo kiko umbali gani na jiko? Malighafi imehifadhiwa vipi, na panya na nzi wamezuiwa? Wanyama wanaingia jikoni? Anayepika akiharisha au akiwa na kidonda mkononi, nani hupika badala yake? Vigae na dari viwe ushauri kwa daraja la kwanza, visiwe sababu ya kumfungia mtu.

Tatu, kila bidhaa iliyofungwa iwe na kibandiko chenye namba ya usajili, jina la chakula, viambato vyote, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumiwa, onyo la wazi kwa wanaodhurika na karanga, ngano, mayai au maziwa, na maneno yanayosema kwamba chakula hicho kimetengenezwa katika jiko la nyumbani. Mteja ana haki ya kujua anachonunua, naye akipata madhara mkaguzi atajua mlango wa kubisha. Mimi tayari ninaandika hayo yote kwa kalamu kwenye karatasi ninayobandika kwa gundi, isipokuwa namba ya usajili, ambayo hakuna wa kunipa.

Nne, UNBS iweke upimaji wa sumukuvu kwa vikundi kila baada ya mavuno, kwa ada ambayo kikundi cha akiba kinaweza kuimudu, na sampuli zipokelewe katika makao ya wilaya zisafirishwe kutoka huko.

Tano, mabaraza yote yaelekezwe kwa waraka kwamba hadi kanuni zitakapotoka, mpishi wa nyumbani anayeuza vyakula vikavu apewe onyo la maandishi na muda wa kurekebisha kabla ya mali yake kukamatwa, na inapokamatwa aandikiwe stakabadhi inayotaja kifungu cha sheria.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu raia anayeomba habari. Naomba katika muda huo ofisi zenu zinijibu kwa maandishi maswali matatu. Je, kuuza mandazi, mkate au karanga za kusaga zilizotengenezwa katika jiko la nyumba ya kuishi ni kosa nchini Uganda leo, na kama ni kosa, ni chini ya kifungu kipi? Kama si kosa, ni ofisi ipi moja inayotoa kibali chake na kwa masharti gani? Na je, Wizara zenu zina mpango wowote wa kutunga kanuni za aina hii, na wapishi wenyewe watasikilizwa lini na wapi?

Tutakapoitwa, tutakuja. Tutaleta bidhaa zetu zipimwe, tutafungua majiko yetu yakaguliwe siku yoyote bila taarifa, na fomu mtakayoitengeneza tuko tayari ijaribiwe kwetu kwanza, katika mtaa wetu, kabla ya kupelekwa kwingine.

Wenu mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mpishi wa nyumbani, West Nile,
kwa niaba yangu na ya akina mama wenzangu wa kikundi chetu cha akiba.